Cheni ya baiskeli: tuioshe kwa kitu gani, na uchafu wake tuuweke wapi?

Hapa Goma wengi huosha cheni kwa esansi, yaani petroli, kwa sababu inakata grisi mara moja. Inakata kweli, lakini kwenye karakana yangu siiruhusu. Mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka ukute mbabula, yaani jiko la makaa, la jirani. Tena esansi ina benzeni, inayosababisha saratani ya damu.

Mimi natumia mafuta ya taa. Mvuke wake hauwaki kirahisi mpaka yafikie nyuzi 38 au zaidi, joto ambalo mji wetu hauna. Mazutu, yaani dizeli, pia inasafisha, ila inaacha utando mzito unaonasa vumbi jeusi la volkano, na vumbi hilo ndilo linalokula pini zinazounga cheni. Asidi ya betri usiiguse kabisa, hata kama cheni imejaa kutu: haidrojeni, gesi inayotoka asidi ikigusa chuma, huingia ndani ya chuma kigumu, kisha kinapasuka bila dalili yoyote.

Anza na brashi kavu. Uchafu unaotoka hapo hauhitaji mafuta. Kisha tia cheni kwenye chupa ya mdomo mpana, mafuta yaifunike tu, utikise. Itoe, ikunjekunje karibu na sikio. Ukisikia mchanga unasaga, rudia. Ikinyamaza, ifute, ikauke kabisa, halafu tone moja la oili kwa kila roli, yaani kigurudumu kidogo kinachozunguka pini.

Mafuta yaliyotumika yasimwagwe chini. Goma imejengwa juu ya lava yenye nyufa na matundu: kinachomwagwa leo kinazama upesi, na chini ya mteremko wetu kuna Ziwa Kivu, ambako watu wanateka maji ya kunywa kwa bidoni. Iache chupa itulie siku mbili tatu. Tope litakaa chini, mafuta yatabaki juu. Yamimine polepole, uoshee tena cheni nyingine. Chupa moja inaweza kuhudumu muda mrefu hivyo.

Tope linalobaki lichanganye na unga wa mbao, ulifungie kwenye kopo la chuma, usilichome. Likijaa, uliza garaji inayokusanya oili chafu kama italipokea. Na mafuta, mapya au machafu, yasikae kamwe kwenye chupa ya soda: mtoto mwenye kiu hasomi alama.