Haki za matangazo: kituo kinaponunua mpira kisha kikauripoti

Usiku mmoja wa mechi hapa Lamu, tukitoka ukumbi wa kutazamia mpira kuelekea Mkunguni, kijana mmoja aliniuliza: "Ami, mbona hawa wa studio wanaisifu ligi kama yao?" Swali zuri mno.

Haki za matangazo ni ruhusa anayoiuza mwenye mashindano ili kituo fulani kionyeshe mechi zake, kwa muda fulani na katika nchi fulani. Klabu za Premier League huuza kwa pamoja. Kwa soko la Uingereza peke yake, mkataba wa miaka 4 ulioanza msimu wa 2025/26 una thamani ya pauni bilioni 6.7. Hata zile shilingi tunazotoa mlangoni zimo katika biashara hii: mwenye ukumbi hulipia king'amuzi, na malipo ya ving'amuzi ndiyo yanayonunua haki.

Sasa, kituo hichohicho kina waandishi wa habari. Kazi yao ni kuchunguza rushwa na majeraha, hata kama mkosaji ni ligi iliyowauzia mechi. Huo ndio mgongano wa maslahi.

Tazama ESPN, kituo cha televisheni ya michezo cha Marekani. Mwaka 2011 ilitia saini na NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, mkataba wa takriban dola bilioni 15. Baadaye waandishi wake walishirikiana na Frontline, kipindi cha televisheni ya umma PBS, kutengeneza filamu ya kuchunguza majeraha ya ubongo ya wachezaji. Agosti 2013, ESPN ikaondoa jina lake kwenye filamu hiyo. Ilisema haikuwa na kauli juu ya uhariri wake. The New York Times likaandika kwamba ligi ilishinikiza. ESPN na NFL zikakana. Lazima niseme pia kwamba waandishi wale hawakuzuiwa kuonekana katika filamu, na ESPN haikuacha kuripoti suala hilo.

Mimi naogopa zaidi shinikizo lisilo na simu wala barua: mhariri anakumbuka mkataba unakaribia kwisha, anaiweka habari kando kabla hajaambiwa na mtu. Ndiyo maana mkuu wa habari hafai kuwa chini ya mnunuzi wa haki, na mtangazaji anapoitaja ligi atamke kwamba kituo chake kina mkataba nayo.

Agosti 2025 yalitangazwa makubaliano ya NFL kupata asilimia 10 ya ESPN. Nilimwambia kijana: siku ligi ikishtakiwa, sikiliza studio inaanza na habari gani.