Mtemi si mbabe, jamani

Juzi jioni, kijiweni Isevya, mpwa wangu alinisomea sura mbili za hadithi anayoitunga kwenye simu. Nchi ya kubuni, milima inayotoa moto, joka lenye mabawa, na juu ya hayo yote "mtemi" anayekalia kiti cha mafuvu na kukatisha watu vichwa kabla hajanywa chai. Joka sina ugomvi nalo. Huyo mtemi ndiye aliyenikwaza, maana si mara ya kwanza mwaka huu. Makonda wakigombana stendi utasikia "usiniletee utemi hapa". Kijana akitanua kifua kidogo, tayari ni "mtemi wa mtaa". Wangesema hivyo watu wa Pwani ningenyamaza, lakini hii ni Tabora!

Kwa kifupi, mtemi ni mtawala wa jadi wa Wanyamwezi, Wasukuma na baadhi ya majirani zao. Nchi anayoitawala ni utemi, na makazi yake ni ikulu. Ndiyo, ikulu hiyo hiyo unayoijua. Neno lilitoka huku kwetu likahamia mjini. Maana yenyewe inaishia hapo, na sina la kuongeza.

Tatizo liko kwenye asili ya neno. Wengi wakisikia kutema wanakumbuka mate, au joka la mpwa wangu na moto wake. Wanasahau kwamba Kiswahili chenyewe bado kinajua kutema kuni, yaani kukata kwa panga au shoka. Kinyamwezi ni hivyo hivyo. Ukivuka hadi Zambia, Wabemba wana kilimo cha kukata matawi, kuyachoma na kupanda kwenye majivu, nacho wanakiita chitemene. Mzizi ni ule ule. Kwa hiyo ntemi, kama wasemavyo wenyewe, ni mkataji. Alikata nini?

Hapo wazee hawaelewani. Wapo wanaosema alikata msitu: mtu wa kwanza aliyeingia kwenye miombo akafyeka, akakaribisha wengine walime kando yake. Wapo wanaosema alikata maneno: watu wakibishana mpaka jua linazama, yeye ndiye wa kukata shauri. Mimi naona wanasimulia jambo moja, wameanzia sehemu tofauti tu. Aliyekufyekea pa kulima ndiye utakayempelekea kesi ya mpaka wa shamba. Ila tazama vizuri: kwa wote hao, shoka liko kwenye mti au kwenye ubishi. Shingo ya mtu haimo.

Na kazi yenyewe ilikuwa nzito kuliko kukalia mafuvu. Ya kwanza ni mvua. Wataalamu wa mvua walikuwepo, lakini mbingu zikikauka lawama ilikwenda ikulu, na mtemi aliyeandamwa na ukame angeweza kuondolewa. Afya yake ilihesabiwa kuwa afya ya nchi; simulizi za huku zinasema hata kwamba mtemi aliyeugua sana hakuachwa ajifie taratibu, aliharakishwa. Si habari ya kupendeza, lakini inakuonyesha nani alikuwa na sababu ya kumwogopa nani. Nafaka ilipelekwa kwake, ngozi za simba na sehemu ya pembe za ndovu vilevile, naye akatarajiwa kulisha wageni na kufungua ghala mwaka wa njaa. Mtemi mbovu ni yule ambaye ghala lake limefungwa watu wakiwa na njaa. Ukatili ulikuwa kosa, ila kuna mambo yaliyomwangusha kabla hata hajapata nafasi ya kuwa katili.

Halafu hakuwa peke yake. Alizungukwa na wazee, banyampala. Neno hilo nalo limeharibiwa. Enzi za misafara, nyampara alikuwa kiongozi wa wapagazi. Leo ukimtaja mnyapara mtu anawaza gereza na fimbo. Sijui tuna nini na maneno yetu ya uongozi, kila moja tunalikabidhi kwa mwenye misuli.

"Na Mirambo, mjomba?" mpwa wangu akaniuliza. Swali zuri, na hapo lazima nikubali. Bunduki na biashara ya pembe ziliubadilisha utemi karne ya 19. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa na rugaruga wake, yaani wapiganaji wake, na mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora hadi njia ya misafara ikafungwa. Stanley, msafiri na mwandishi wa habari aliyekuwa upande wa Waarabu katika vita hivyo, alimfananisha na Napoleon. Ubabe unaosemwa mtaani huenda ulianzia kwenye sifa za watu kama hao. Lakini dola ile haikudumu baada ya yeye kufariki mwaka 1884. Ilisimama juu ya bunduki za mtu mmoja, na mtu huyo alipoondoka kikabaki kidogo sana cha kurithi.

Akida na jumbe, wale maofisa na wakuu wa vijiji, usiwaingize humu, hao ni habari ya Pwani na ya Wajerumani. Chifu ni neno la Waingereza, lililowaweka wote kapu moja mpaka serikali ilipoufuta uchifu mwaka 1963. Waha wa Kigoma walikuwa na mwami wao, na Heru, moja ya nchi zao, ilipata kutawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Sijasikia mtu akijigamba kuwa "mwami wa mtaa", labda kwa sababu anajua atachekwa.

Basi, mpwa wangu, hadithi ni nzuri na joka libaki. Huyo wa mafuvu mwite mbabe, mwite jambazi mwenye taji, hakuna atakayekulaumu. Ukitaka aendelee kuitwa mtemi, sura ya tatu mnyime mvua, kisha walete wazee mlangoni kwake asubuhi, wamekaa kimya, wanasubiri atoke.