Farasi mchanga si nafuu

Hapa Arusha, mzazi ambaye mwanawe amependa mchezo wa farasi kuruka viunzi huambiwa jambo moja: mnunulie farasi wa miaka 3, ni bei nafuu, watakua pamoja. Ushauri huu ni wa siku nyingi, nao huwaumiza mtoto na mnyama.

Bei ya kununulia ni kweli huwa ndogo. Ila uti wa mgongo wa farasi haukomai mpaka akaribie miaka 6, kwa hiyo utamlisha muda mrefu kabla hajaruka viunzi vya maana. Mwenye kilo 500 hula takriban kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, na kiangazi kikikaza mnagombania nyasi hizo na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kwato hukatwa kila wiki 6 hadi 8. Usubi, vijidudu vinavyoruka na kuuma hasa kuanzia magharibi, hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoua upesi, hivyo banda la kumfungia kabla ya magharibi si anasa. Kisha kuna mwalimu, maana mtoto anayejifunza hawezi kumfundisha farasi asiyejua kitu.

Anayeanza anafaa farasi mzima aliyezoea viunzi, hata wa miaka 12 au 15. Kabla ya kulipa, mwite daktari wa mifugo. Atakunja mguu na kuushikilia kama dakika moja, auachie, farasi akimbizwe polepole kwenye ardhi ngumu. Akichechemea, usilipe kabla ya picha za eksirei.