Kukopi folda siyo kuhamisha maktaba ya nyimbo

"Nimekopi folda yote kwenye diski ya nje, nikafuta ya kwenye kompyuta, sasa kila wimbo una alama ya mshangao." Sentensi hii nimeichoka. Katika iTunes, programu ya Apple ya kutunza na kucheza nyimbo, maktaba ni vitu viwili: folda ya iTunes Media yenye nyimbo zenyewe, na faili la iTunes Library.itl linalotunza anwani ya kila wimbo, kuanzia herufi ya diski hadi jina la faili. Ukiuhamisha wimbo kwa mkono, faili hilo halina habari. Litautafuta pale pale ulipokuwa, na ndipo alama inapojitokeza.

Kwenye Windows, fungua Edit, Preferences, Advanced, bonyeza Change, kisha chagua folda iliyo ndani ya diski ya nje. Wengi huishia hapo na kulalamika hakuna kilichohama. Ni kweli, kwa sababu umebadilisha tu mahali pa kuweka nyimbo mpya. Sasa nenda File, Library, Organize Library, weka tiki kwenye Consolidate files. Programu itanakili kila wimbo, hata ile iliyozagaa Desktop na Downloads, na kujiandikia anwani mpya. Nakala za mwanzo kwenye kompyuta hazifutiki, kwa hiyo hakikisha una nafasi. Usifute chochote kabla hujafungua taarifa za nyimbo kadhaa, kichupo cha File, ukaona anwani inaanza na herufi ya diski ya nje.

"Diski ni ile ile, mbona nyimbo zimepotea?" Jana Windows iliipa E, leo flashi imewahi E, diski ikapewa F. Ingia Disk Management, sehemu ya Windows ya kusimamia diski, uipe herufi ya mbali, M kwa mfano. Na uichomeke kabla ya kufungua iTunes, siyo baada.

"Nyota ninazozipa nyimbo na pleilisti zimo ndani ya faili za MP3." Hazimo, zimo kwenye lile faili la .itl. Tunza nakala yake.

"Kukopi kunapunguza ubora." Hapana. Ubora hupungua ukigeuza muundo usiopoteza sauti kuwa unaopoteza, mathalani FLAC kuwa MP3.

"Nyimbo ziko diski ya nje, basi nina bekapu." Kama umeshazifuta kwenye kompyuta, una nakala moja tu, tena kwenye kifaa kinachoangushwa na kuchomolewa ovyo. Nunua diski ya pili. Ikiwa utaitumia Windows na Mac, iformati kwa exFAT, mfumo wa faili ambao zote mbili husoma na kuandika, mapema, ikiwa bado tupu. Diski ya NTFS, mfumo wa faili wa Windows, Mac huisoma tu, haiandiki.