Je, wajua magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, hupitia wapi hadi kufika juu?

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, lava (magma iliyokwisha kutoka nje) ya Nyiragongo, volkano iliyo mashariki mwa Kongo, haikufurika kutoka kwenye kreta, yaani shimo lililo kileleni. Ilitokea ubavuni, kwenye nyufa zilizofunguka ghafla, ikateremka hadi viungani mwa Goma. Siku tano baadaye, lava ikiwa imeshasimama, wakuu wa mkoa waliamuru watu wa sehemu kubwa ya mji wahame. Magma nyingine ilikuwa ikitembea chini ya nyumba zao.

Wengi hudhani chini yetu kuna bahari ya moto inayongojea tundu tu. Hakuna. Tabaka lililo chini ya ganda la dunia ni mwamba mgumu, ingawa joto lake hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Kinachouzuia usiyeyuke ni uzito wa miamba iliyoukalia. Sasa, katika Bonde la Ufa, ambamo Nyiragongo imo, bara linatanuka milimita chache kila mwaka. Mwamba wa chini hupanda kujaza nafasi, mgandamizo hupungua, na sehemu yake ndogo huyeyuka bila hata kuongezewa joto.

Magma hiyo ni nyepesi kuliko mwamba unaoizunguka, kwa hiyo hupanda. Mara nyingi hukwama kilomita kadhaa chini ya mlima, na inaweza kukaa hapo miaka na miaka. Ndani yake mna mvuke wa maji na kaboni dioksidi vilivyoyeyuka; mgandamizo ukishuka, gesi hizo hugeuka mapovu, kama soda inapofunguliwa, na kuisukuma juu.

Njia yenyewe si lazima iwe bomba lililonyooka. Magma hupasua mwamba: ncha ya ufa hutangulia, magma hufuata ikiutanua. Ufa wa namna hiyo waweza kuwa na upana wa mita chache tu huku urefu wake ukifika kilomita nyingi. Na mwamba hauvunjiki kimya. Mwaka 2021 vitovu vya matetemeko vilihama kutoka mlimani kwenda kusini, vikapita chini ya Goma hadi chini ya Ziwa Kivu, na barabara mjini zikachanika. Ziwa hilo lina kaboni dioksidi na methani nyingi vilindini, na magma ingeweza kuzifumua gesi hizo, ndiyo maana hofu ilikuwa kubwa kiasi kile.

Lakini magma ile haikutoka. Iliishiwa nguvu, ikabaki humo ardhini. Hilo si jambo la ajabu: sehemu kubwa ya magma duniani huganda njiani, isionwe na mtu.

Gesi yake ndiyo isiyokubali kubaki. Magharibi mwa Goma, kuelekea Sake, kaboni dioksidi hupenya kwenye nyufa na kutuama mabondeni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Wenyeji huyaita maeneo hayo mazuku. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mbuzi anayeshuka humo alfajiri, kabla upepo haujavuma, anaweza kufa papo hapo.