Je, wajua kwa nini pho ya kibandani Hanoi mara nyingi huishinda ya mgahawa wa kifahari?

Pho ni supu ya tambi za mchele na nyama, chakula kilichoibuka kaskazini mwa Vietnam mwanzoni mwa karne ya 20. Kibandani bakuli moja huuzwa kama dola 2 au 3. Kwenye hoteli kubwa jirani bei hupanda mara kadhaa, na wageni wengi huamini kwamba hiyo ya ghali ndiyo pho kamili, na ya kibandani ni ya kubania pesa.

Wenyeji hawapimi hivyo. Kwenye duka la pho liitwalo Phở Gia Truyền, mtaa wa Bát Đàn jijini Hanoi, watu hupanga foleni, hulipa kwanza, kisha kila mtu hujibebea bakuli lake. Mwongozo wa Michelin, unaokagua migahawa na kuipa nyota iliyo bora, ulipoingia Vietnam mwaka 2023 uliiweka sehemu hiyo kwenye orodha ya Bib Gourmand, ya chakula kizuri cha bei nafuu. Mwaka huohuo mgahawa wa Tầm Vị, pia wa Hanoi, ulipata nyota kwa mapishi ya nyumbani. Kwa hiyo hata dhana kwamba chakula cha asili ni duni na cha kisasa ni bora haisimami.

Jibu liko kwenye sufuria. Mifupa ya ng'ombe hukaa kwenye moto mdogo kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Aliyewahi kunywa supu ya makongoro anajua inavyonatisha midomo, na akiiacha ipoe huikuta imeganda, inatikisika. Ni kolajeni hiyo, protini ya kwenye kano na gegedu, ambayo joto la muda mrefu huigeuza kuwa jelatini. Pho hupata uzito wake kwa njia hiyohiyo, ila mpishi wake anataka supu nzito iliyo angavu. Ndiyo maana huengua povu na haruhusu ichemke kwa fujo: ikichemka hivyo, mafuta husambaratika kuwa vitone vidogo na supu huchafuka.

Kisha kuna harufu ya mdalasini, karafuu, tangawizi na vitunguu vilivyochomwa. Harufu hizo hupotea na mvuke. Kibanda kinachouza chakula kimoja tu humaliza sufuria mapema, supu ikiwa kwenye ubora wake. Mgahawa wenye menyu ndefu huuza mabakuli machache, na supu yake huweza kupozwa na kupashwa tena. Tambi nazo ni hivyohivyo: mbichi za siku hiyo ni laini, lakini wanga wa mchele hukakamaa kadiri saa zinavyopita, hasa kwenye friji.

Si kila kibanda ni kizuri, na mpishi hodari wa mgahawa mkubwa anaweza kupika mifupa vilevile. Lakini mara nyingi bei ya juu hulipia vitu vingine: utulivu, huduma na ubunifu. Anan Saigon, mgahawa wa mpishi Peter Cuong Franklin katikati ya soko la zamani la Ho Chi Minh City, ulipata nyota mwaka 2023 kwa kuvipa vyakula vya mtaani sura mpya, ikiwemo bánh mì, yaani sandwichi ya Kivietnam, ya dola 100. Huko unakwenda kuona mawazo ya mpishi. Ukitaka pho yenyewe, nenda asubuhi kwenye kibanda kisicho na menyu, kwa sababu supu ikiisha, wanafunga.