Nati kuingia si kigezo cha rimu kukubali

Tumezoea kuambiwa kwamba nati zikiingia, rimu ya sports imekubali. Sivyo. Corolla AE110 na Honda Civic nyingi za miaka ya 1990 zina nati 4 zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, lakini tundu la katikati ya rimu ni milimita 54.1 kwa Toyota na 56.1 kwa Honda. Ukifunga rimu za Civic kwenye Corolla bila ringi ya kujaza pengo hilo, zinaweza kukaa upande kidogo na usukani ukatetemeka kwenye mwendo mkali. Wilibalansi (kusawazisha uzito wa magurudumu) haitibu hilo.

Angalia pia nati zenyewe: rimu nyingi za aloi za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, ilhali rimu za dukani hutumia zenye koni. Tafadhali usizichanganye. Na rimu ikipakwa upya, nati inapokalia pasiwe na rangi nzito. Rangi hiyo ikisagika, nati hulegea.